Michel Mirowski

Michel Mirowski (Warsaw, Polandi, 14 Oktoba 1924 – Baltimore, Marekani, 26 Machi 1990) alikuwa daktari bingwa wa moyo anayejulikana hasa kwa kubuni kifaa cha kushtua moyo kinachopandikizwa ndani ya mwili wa mgonjwa. Madaktari hukiita kwa kifupi ICD. Kifaa hicho hufuatilia mapigo ya moyo mchana na usiku, na moyo ukipoteza mwendo wake kwa namna inayohatarisha maisha, huupiga shoti ya umeme ili urudie mapigo ya kawaida.

Kifaa cha Mirowski kimeokoa maisha ya watu wengi duniani. Pia kilileta jambo jipya katika tiba: mgonjwa anayerudi nyumbani akiwa na mashine inayoweza kumpiga shoti wakati wowote bila kumwonya. Kwa sababu hiyo, kumwelimisha mgonjwa na familia yake ili wakizoee kifaa hicho moyoni na akilini kumekuwa sehemu ya tiba yenyewe.

Utoto na vita

Mirowski alizaliwa katika familia ya Kiyahudi mjini Warsaw, akapewa jina la Mordechai Frydman. Mwaka 1939 jeshi la Ujerumani liliivamia Polandi. Baba yake alimbadilishia jina, akamwita Mieczysław Mirowski, ili asitambulike kwa urahisi kuwa Myahudi. Baadaye, alipokuwa Ufaransa, jina la kwanza likawa Michel.

Akiwa na umri wa miaka 15 aliondoka nyumbani, akaelekea mashariki hadi Umoja wa Kisovyeti. Huko aliishi miaka ya vita kwa shida nyingi. Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilipokwisha alirudi Polandi, akakuta kwamba katika familia yake amebaki yeye peke yake.

Masomo

Baada ya vita Mirowski alianza masomo ya udaktari mjini Gdańsk, lakini hakukaa huko muda mrefu. Alikwenda Palestina, ambayo wakati huo ilitawaliwa na Waingereza. Huko hakukuwa bado na chuo cha udaktari, hivyo mwaka 1947 alikwenda Ufaransa kusoma katika Chuo Kikuu cha Lyon. Alifika bila kujua Kifaransa, akajifunza lugha na udaktari kwa pamoja. Alihitimu mwaka 1954. Katika miaka hiyo alimwoa Anna, naye akawa mwenzi wake hadi mwisho wa maisha yake. Walijaliwa mabinti 3.

Baada ya kuhitimu alirudi Israeli, akafanya kazi katika Hospitali ya Tel Hashomer chini ya profesa Harry Heller, aliyekuwa mwalimu na rafiki yake. Kisha alikwenda kuongeza ujuzi wa magonjwa ya moyo nchini Meksiko na Marekani. Mjini Baltimore alifanya kazi na Helen Taussig, daktari mashuhuri wa magonjwa ya moyo ya watoto. Mwaka 1963 alirudi Israeli, akawa daktari wa moyo katika Hospitali ya Asaf Harofeh.

Kifo cha Harry Heller

Mwaka 1966 Heller alianza kupatwa mara kwa mara na mapigo ya kasi yanayoanzia katika chemba za chini za moyo. Mirowski alifahamu hatari ya hali hiyo. Mapigo ya namna hiyo yanaweza kugeuka ghafla kuwa mtetemo: chemba za chini hutetemeka ovyo badala ya kusukuma damu. Mtu huzimia katika sekunde chache, na asiposaidiwa hufa katika dakika chache. Dawa yake ni shoti ya umeme, tena ya haraka. Kwa kila dakika inayopita bila shoti, uwezekano wa kupona hupungua kwa takriban asilimia 7 hadi 10.

Shoti hiyo ilikuwa imekwisha kujulikana. Mwaka 1947 daktari mpasuaji Claude Beck wa Cleveland alifaulu kuokoa mgonjwa kwa kuushtua moyo wakati kifua kikiwa wazi. Mwaka 1956 Paul Zoll wa Boston alionyesha kwamba inawezekana pia kuushtua moyo kutoka nje ya kifua. Lakini mashine za kufanya hivyo zilikuwa kubwa na nzito, na zilikaa hospitalini. Mtu kama Heller alikuwa na njia mbili tu: kulazwa hospitalini siku zote karibu na mashine, au kurudi nyumbani na kuishi na hatari ya kifo cha ghafla. Heller alifariki nyumbani kwake, akiwa mezani pamoja na familia yake.

Kifo hicho kilimgusa sana Mirowski. Alijiuliza kama mashine ya kushtua moyo ingeweza kupunguzwa ukubwa hadi ikaingia mwilini mwa mtu, ikamlinda popote alipo. Lengo lake halikuwa kurefusha uhai tu. Alitaka mgonjwa aweze kutoka hospitalini na kuendelea na maisha yake ya kawaida.

Kubuni kifaa

Wenzake walimwambia kwamba haiwezekani, kwa kuwa mashine ya uzito wa kilo nyingi haiwezi kufanywa iwe ndogo kama pakiti ya sigara. Mirowski aliona kwamba katika Israeli ya wakati ule hangepata mafundi na vifaa alivyohitaji. Mwaka 1968 alihamia Marekani, akaajiriwa katika Hospitali ya Sinai mjini Baltimore kuongoza wodi mpya ya wagonjwa mahututi wa moyo. Sehemu ya muda wake ilitengwa kwa ajili ya utafiti.

Mwaka 1969 alijiunga naye Morton Mower, daktari kijana wa moyo katika hospitali hiyohiyo. Katika muda wa mwezi mmoja hivi walitengeneza kifaa cha kwanza cha majaribio, wakakijaribu kwa mbwa. Kilifanya kazi, ingawa kilikuwa bado kikubwa mno kuwekwa ndani ya mtu.

Upinzani ulikuwa mkali. Mwaka 1972 Bernard Lown, mmoja wa madaktari wa moyo wenye sifa kubwa wakati huo na mtaalamu wa mashine za kushtua moyo, aliandika pamoja na mwenzake makala ya kupinga wazo hilo. Waliona kwamba haikuwa wazi ni wagonjwa gani wangefaidika, na kwamba njia nyingine zilikuwa bora zaidi. Ilikuwa vigumu kwa Mirowski kupata fedha za utafiti. Mwaka huohuo wa 1972 alikutana na Stephen Heilman, daktari na mhandisi aliyekuwa na kampuni ndogo ya vifaa vya tiba karibu na Pittsburgh iliyoitwa Medrad. Kampuni hiyo iliwapa wahandisi, mmojawao akiwa Alois Langer.

Mwaka 1975 walipiga filamu ya mbwa aliyewekewa kifaa. Katika filamu hiyo moyo wa mbwa unafanywa utetemeke, mbwa anaanguka, kifaa kinapiga shoti, naye anainuka akitikisa mkia. Husimuliwa kwamba baadhi ya watazamaji walidai mbwa huyo alikuwa amefundishwa kuanguka na kuinuka, hivyo watafiti wakaanza kuonyesha mchoro wa umeme wa moyo pamoja na picha.

Upandikizaji wa kwanza

Tarehe 4 Februari 1980, katika Hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, kifaa hicho kilipandikizwa kwa mara ya kwanza ndani ya binadamu. Mgonjwa alikuwa mwanamke mwenye umri wa miaka 57. Upasuaji ulifanywa na Levi Watkins, mpasuaji wa moyo na mmoja wa Wamarekani Weusi wa kwanza kufikia nafasi ya juu katika fani hiyo hospitalini hapo. Mwaka huohuo Mirowski na wenzake walitoa taarifa ya wagonjwa 3 wa kwanza katika jarida la tiba.

Kifaa cha wakati ule kilikuwa na uzito wa takriban robo kilo. Kifua kilipasuliwa, elektrodi zikaunganishwa na moyo, na kisanduku chenyewe kikawekwa chini ya ngozi ya tumbo. Waliochaguliwa kupandikizwa walikuwa watu waliokwisha kunusurika zaidi ya mara moja baada ya moyo kusimama. Mwaka 1985 mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani iliidhinisha kifaa hicho kitumike hospitalini.

Tofauti na betri ya moyo

Katika Afrika Mashariki watu wengi wamesikia habari za betri ya moyo. Hicho ni kifaa kinachoupa moyo unaopiga polepole msukumo mdogo wa umeme ambao kwa kawaida mgonjwa hausikii. Betri ya kwanza ya moyo ilipandikizwa ndani ya mtu nchini Uswidi mwaka 1958, kwa hiyo Mirowski alikuwa na mfano wa kufuata.

Kifaa cha Mirowski hufanana na hiyo kwa umbo, lakini kazi yake kuu ni nyingine. Hukaa kimya kwa miezi au miaka, kisha siku moja hupiga shoti yenye nguvu. Mgonjwa akiwa amekwisha kuzimia, huenda asiisikie. Akiwa bado na fahamu, huisikia vizuri. Wengi hueleza kwamba ni kama kupigwa teke kifuani. Tofauti hiyo ndiyo inayofanya maisha ya mwenye kifaa hiki yawe na mzigo wa pekee.

Mgonjwa na kifaa chake

Kadiri vifaa vilivyoongezeka katika miaka ya 1980, madaktari na wauguzi walitambua kwamba upasuaji uliofaulu haukuwa mwisho wa kazi. Wagonjwa wengine walifurahi na kujiona wamepewa mlinzi. Wengine waliishi kwa hofu. Hofu ya kawaida ni ya shoti yenyewe: lini itakuja, itaumiza kiasi gani, na itakuja mbele ya nani. Mtu aliyepigwa shoti akipanda ngazi huweza kuanza kukwepa ngazi. Aliyepigwa akiwa sokoni huacha kwenda sokoni. Kidogo kidogo maisha hupungua, ingawa mahali au kitendo kile hakikuwa chanzo cha shoti.

Wapo wanaoamka usiku wakiamini wamepigwa shoti, lakini kifaa kikikaguliwa huonyesha kwamba hakikupiga. Hali hiyo inajulikana kwa madaktari na si dalili ya wazimu. Wengine huhuzunika kwa kuona uvimbe na kovu chini ya ngozi, hasa vijana. Wengine huona aibu kuuliza kama wanaweza kuendelea na tendo la ndoa. Mume au mke naye huogopa, pengine kuliko mgonjwa, akaanza kumzuia mwenzake kufanya lolote.

Kwa sababu hiyo hospitali nyingi zilianzisha mafunzo kabla na baada ya upandikizaji, pamoja na vikundi ambamo wagonjwa hukutana na kusimuliana uzoefu wao. Mambo yanayofundishwa kwa kawaida ni haya:

- Kifaa hakiponyi ugonjwa wa moyo wala hakizuii shambulio la moyo. Kazi yake ni kurekebisha mapigo ya hatari, kwa hiyo dawa lazima ziendelee.
- Shoti haina maana kwamba mgonjwa anakufa. Mara nyingi inaonyesha kwamba kifaa kimefanya kazi yake. Hata hivyo, kifaa huweza kukosea na kupiga bila sababu, ndiyo maana hukaguliwa mara kwa mara.
- Mgonjwa anapaswa kuwa na mpango uliokubaliwa na daktari wake. Kwa kawaida, akipigwa shoti moja na kujisikia vizuri, huketi, hupumzika, kisha huijulisha kliniki yake. Akipigwa shoti mbili au zaidi ndani ya siku moja, au akijisikia vibaya baada ya shoti moja, hupelekwa hospitali mara moja.
- Mtu anayemgusa mgonjwa wakati wa shoti hadhuriki. Huenda akasikia mtekenyo mdogo tu. Kumbeba mtoto au kulala na mwenzi kunawezekana.
- Simu ya mkononi hutumika, lakini haiwekwi katika mfuko wa shati ulio juu ya kifaa. Umbali wa takriban sentimita 15 unatosha. Kwenye uwanja wa ndege mgonjwa huonyesha kadi yake. Kazi ya kuchomelea vyuma na uendeshaji wa gari huhitaji ushauri wa daktari.
- Betri ya kifaa huisha baada ya miaka kadhaa, na kisanduku hubadilishwa kwa upasuaji mdogo.

Mgonjwa anayejua mapema nini kitatokea huogopa kidogo kuliko yule anayeshtukizwa. Mpango wa kufuata humpa jambo la kufanya badala ya kusubiri kwa hofu. Hofu inapozidi, au huzuni inapodumu, msaada wa mtaalamu wa saikolojia hutumika. Mgonjwa hufundishwa kutambua mawazo yanayomtisha, kuyapima, na kurudia hatua kwa hatua mambo aliyoyaacha. Mazoezi ya mwili yanayosimamiwa na wataalamu nayo humsaidia kuuamini mwili wake tena.

Jambo gumu zaidi ni mwisho wa maisha. Mtu anayekufa kwa ugonjwa usiotibika anaweza kupigwa shoti nyingi katika saa zake za mwisho, bila faida. Sehemu ya kifaa inayopiga shoti inaweza kuzimwa kutoka nje, bila kupasua na bila maumivu. Kuizima hakumuui mgonjwa papo hapo: humwacha afe kwa ugonjwa wake bila shoti. Wataalamu hushauri jambo hili lizungumzwe mapema, wakati mgonjwa bado anaweza kusema anachotaka, ili familia isiachiwe uamuzi huo katika dakika za mwisho.

Miaka ya mwisho na kifo

Mirowski aliendelea kufanya kazi Baltimore na kuboresha kifaa pamoja na wenzake. Katika miaka hiyo alipatwa na mieloma, aina ya saratani ya uboho wa mifupa. Alifariki tarehe 26 Machi 1990 akiwa na umri wa miaka 65. Aliishi kuona kifaa chake kikikubaliwa na kupandikizwa kwa maelfu ya wagonjwa, lakini hakuona matokeo ya tafiti kubwa zilizokilinganisha na dawa.

Urithi

Utafiti uliotangazwa mwaka 1996 ulionyesha kwamba kifaa hicho huokoa maisha ya baadhi ya watu wenye moyo ulioharibiwa na shambulio la moyo, hata kama moyo wao haujawahi kusimama. Utafiti mwingine, wenye wagonjwa zaidi ya 1,000 waliokwisha kunusurika, ulitangazwa mwaka 1997. Ulionyesha kwamba kwa watu hao kifaa kilizuia vifo vingi kuliko dawa. Baada ya hapo hata wataalamu wengi waliokuwa na mashaka walikubali.

Vifaa vya leo ni vidogo zaidi. Kwa kawaida huwekwa chini ya ngozi karibu na mfupa wa mtulinga, na waya hupitishwa ndani ya mshipa hadi moyoni bila kufungua kifua. Vingi hujaribu kwanza kurekebisha mapigo ya kasi kwa misukumo midogo isiyoumiza, na hupiga shoti pale tu inapobidi. Kwa njia hiyo shoti zimepungua, na pamoja nazo sehemu ya hofu.

Mwaka 2002 Mirowski, pamoja na Mower, Heilman na Langer, aliingizwa katika orodha ya heshima ya wavumbuzi wa Marekani. Alikusudia kumpa mtu aliye hatarini njia ya kurudi nyumbani salama. Fundi na mpasuaji hufanya sehemu ya kwanza ya kazi hiyo. Sehemu ya pili, ya kumsaidia mtu huyo aishi nyumbani bila kutawaliwa na hofu, imebaki kwa wauguzi, wanasaikolojia, familia, na wagonjwa wanaofundishana wao kwa wao.